Taa ya luksi 10,000: nimekaa nayo majira mawili ya baridi

Nyota nne kwa taa yenyewe, ile ya mwanga mkali ya kujimulikia uso majira ya giza. Nyota moja kwa karatasi ya maelezo iliyokuja nayo. Duka lililoniuzia sitalitaja jina, lakini nitalisema.

Kwanza mjue anayesema. Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, na kabla ya kumfuata mume huku Umeå, kaskazini mwa Uswidi, nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka tisa. Sasa ni mhudumu katika nyumba ya kutunzia wazee. Wiki nyingi naingia kazini saa moja asubuhi, na kila mwezi napangiwa zamu tatu za usiku mfululizo. Ualimu nimeuacha mimi, wenyewe haujaniacha, kwa hiyo humu ndani mna somo. Asiyetaka somo aruke mpaka pale ninapoanza kulalamikia mguu wa taa.

Tanga jua halina visa. Mwaka mzima, siku ndefu na siku fupi hazipishani hata dakika 40, ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa jua: likichomoza unaanza kuhesabu, likizama unaanza upya. Saa hiyo ukiileta Umeå inakufia mkononi. Desemba 21 jua la hapa linatoka karibu saa tatu na nusu asubuhi, na kabla ya saa nane mchana limeshazama. Mwaka wangu wa kwanza wifi yangu alinipigia simu ya video, kwangu saa mbili na nusu asubuhi, kwao saa nne na nusu. Akatazama dirisha langu, akasema, "Wifi, wamekukatia umeme?" Nikamwambia umeme upo, kilichokatika ni jua. Akacheka mpaka akamwita jirani aje kuona.

Mimi sikuwa nacheka. Jumapili nalala mpaka saa nne, naamka kama niliyepigwa na gogo. Usiku macho makavu. Nikawa nakula mikate na tambi kama mtu aliyefungulia, na mume wangu akajifunza kutonisemesha kabla ya kikombe cha pili cha chai. Daktari wa kituo cha afya akanipima damu, akaniuliza maswali mengi, mwisho akasema watu wengi huku hupatwa na hali hiyo majira ya giza, na wapo wanaosaidika na mwanga mkali. Kazini wenzangu wakashangaa kwamba sina taa. Kwao ni kama kutokuwa na koti. Walinihadithia kwamba mwaka 2012, kabla sijafika, kampuni ya umeme ya mji huu ilifunga taa za namna hiyo hata kwenye vituo vya basi, watu wakawa wanasubiri basi huku wanaoga mwanga.

Basi Novemba ya mwaka juzi nikanunua yangu, kronor 749.

Ni kibao cheupe, upana wake kama karatasi ya A4, unene kama daftari la kaunta. Nyuma kuna mguu wa kukunjua, ubavuni swichi moja ya kugusa yenye ngazi tatu za mwanga. Waya wake mfupi mno. Kama soketi yako iko nyuma ya friji kama yangu, nunua waya wa kuongezea siku hiyohiyo. Mwanga ni mweupe, umetulia, haupepesi hata ukiutazama kwa kamera ya simu. Haipigi kelele wala haipati joto. Hapo sina neno.

Neno langu linaanzia kwenye boksi, palipoandikwa 10,000 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni. Luksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali fulani, hivyo ukitaja luksi bila kutaja umbali hujasema kitu. Umbali nimeukuta ukurasa wa nne wa karatasi ya maelezo, kwa herufi za kusomea kwa miwani: sentimita 15. Nani anakunywa chai uso ukiwa sentimita 15 kutoka kwenye taa? Nilipima kwa programu ya simu, ambayo si kipimo cha maabara ila inatosha kulinganisha. Kwa sentimita 15 ilinipa 9,000 na ushei. Kwa sentimita 30, mahali mtu mwenye akili zake anapoweza kukaa, 3,500. Nikirudi nyuma nikaegemea kiti, 1,000. Taa ya dari ya jikoni kwangu inatoa 200, kwa hiyo hata hiyo 1,000 si haba, lakini boksi lilisema kingine. Jua la mchana Tanga, lisilo na wingu, linapita 100,000, na halijawahi kumdai mtu risiti.

Sasa kosa langu, ambalo nalisukumia kwa ile karatasi kwa sehemu kubwa. Ilisema tumia dakika 30 kila siku, "wakati wowote unaokufaa", na kwamba tofauti utaiona tangu siku ya kwanza. Wakati ulionifaa mimi ulikuwa saa mbili usiku: nimerudi, nimepika, watoto wamekula, naweka taa mezani naitazama simu yangu. Wiki tatu. Usingizi ukawa unakuja saa nane usiku, na asubuhi kuamka kukawa kama kutolewa kisimani. Nikataka kuirudisha dukani. Ni mwanangu wa kidato cha mwisho aliyeniuliza, "Mama, si wewe uliyekuwa unafundisha mambo haya?" Aibu niliyoiona siku hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye vitabu.

Haya, fungueni madaftari.

Juu kidogo ya mahali neva za macho mawili zinapokutana na kupishana, ndani kabisa ya kichwa, kuna vifundo viwili vya seli za neva, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Ukijumlisha pande zote mbili ni seli kama 20,000. Hapo ndipo ilipo saa kuu ya mwili. Usingizi, joto la mwili, njaa na homoni kadhaa vinafuata majira ya hapo. Na kila seli peke yake ni saa. Ina jeni zinazotengeneza protini. Protini zikishajaa zinarudi kuzizima jeni zilezile. Zikivunjwavunjwa zikapungua, jeni zinaamka tena. Mzunguko mmoja huchukua karibu siku nzima. Waliofumbua mtambo huo kwa nzi wa matunda, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Nobel ya tiba mwaka 2017, hapahapa Uswidi.

Hayo nilikuwa nayafundisha. Ambalo sikuwa nalifundisha ni hili: saa hizo hazikubaliani. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walitenganisha seli za kifundo hicho za panya, wakazitandaza kwenye sahani yenye vinasa umeme, wakakuta kila moja inakwenda kwa mwendo wake. Hii inamaliza siku yake kabla ya saa 24, ile inachelewa, na zinakaa jirani kabisa. Ukiziacha hivyo huna saa, una soko.

Aliyewahi kuona jahazi likipandishwa ufukweni ataelewa kinachozifanya ziwe saa moja. Wanaume 30, kila mmoja na nguvu zake na pumzi yake. Wakivuta kila mtu kwa wakati wake, jahazi halisogei hata shubiri. Anasimama mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia, na ni kwenye kile kiitikio ndipo kamba inapovutwa. Wimbo wenyewe hauna nguvu ya kusogeza chombo. Kazi yake ni kuwaambia watu 30 sasa ni sasa.

Kichwani wimbo huo ni kemikali, na mmojawapo wa nyimbo kubwa unaitwa kwa kifupi VIP. Si ile ya kadi za harusi. Sami Said na Viktor Mutt waliipata mwaka 1970 katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, ndani ya utumbo wa nguruwe, tusitiriane, na baadaye ikajulikana kuwa na kazi kichwani pia. Seli za upande wa chini wa kifundo, zile zinazopokea habari kutoka machoni, ndizo zinazoitoa. Za juu zinaipokea na kurekebisha mwendo wao. Panya waliozaliwa bila VIP, au bila kipokezi chake, wakikaa kwenye giza mfululizo wengi wao huvurugikiwa na mpangilio wa siku: wanalala na kukimbia ovyoovyo. Seli zao hazijafa. Zimekosa wa kuzitolea wimbo.

Na kuna jambo lililonigusa kama mhudumu. Katikati ya seli za neva kuna seli nyingine zenye umbo la nyota, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa kama watumishi tu: zinalisha, zinafagia, zinashikilia. Miaka ya karibuni imeonekana kwamba na zenyewe zina saa, na zinashika zamu ya usiku. Mchana seli za neva za kifundo ndizo zinazopiga kelele. Usiku zile za nyota zinaamka na kumwaga kemikali inayosaidia kuwanyamazisha wenzao mpaka asubuhi. Nilisoma hilo saa tisa usiku, kazini, wazee wote wamelala, mimi nazunguka na tochi. Nikacheka peke yangu.

Taa inaingilia wapi? Jichoni. Mbali na seli tunazoonea, kuna seli chache zenye protini iitwayo melanopsini, ambazo kazi yake kubwa si kuona sura ya kitu bali kupima kama kumekucha. Zinaitikia zaidi mwanga wa buluu, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 480 hivi, buluu ya anga, na waya wao unakwenda moja kwa moja kwenye kile kifundo. Mwanga wa jioni na wa mwanzo wa usiku unazifahamisha seli kwamba mchana haujaisha, kwa hiyo saa inarudi nyuma. Mwanga wa asubuhi, ukishakaribia muda wako wa kuamka, unaisogeza mbele. Mimi kwa wiki tatu nilikuwa kila usiku nauambia ubongo wangu kwamba jua ndiyo kwanza linatua. Taa ilifanya kazi yake barabara. Aliyeiweka saa isiyo yake ni mimi, na karatasi ya "wakati wowote unaokufaa".

Hata bila taa, saa ya binadamu ikiachwa yenyewe huzunguka kwa wastani wa saa 24 na dakika kama 10. Tuliwahi kumhudumia mzee asiyeona mwanga hata kidogo, na usingizi wake ulikuwa ukihama: wiki hii analala usiku, baada ya muda analala mchana, kisha anarudi usiku. Wenzangu waliandika "mkaidi" kwenye daftari la zamu. Nililifuta neno hilo kwa mkono wangu.

Sasa matumizi sahihi, kama nilivyoyajaribu. Sikukurupuka kuwasha saa kumi na mbili asubuhi siku ya kwanza, kwa sababu mtu ambaye mwili wake unaamka saa nne, kwake saa kumi na mbili bado ni usiku wa manane, na mwanga wa saa hiyo unaweza kumsukuma upande asioutaka. Nilichukua likizo ya wiki mbili. Nikaanza saa tatu asubuhi, dakika 30, taa ikiwa pembeni kidogo ya uso, sentimita 30, macho wazi lakini yakitazama kikombe. Kila baada ya siku mbili nikasogeza nusu saa mapema. Siku za mwanzo kichwa kiliuma kidogo, nikashusha ngazi moja ya mwanga, kikaacha. Jioni nilizima taa ya dari nikabaki na ile ndogo ya pembeni ya kochi.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Ya tatu sikuona kitu. Na sikutegemea, maana seli zinazopokea habari za macho ndizo zinazohama kwanza, zile za juu zinajivuta nyuma, na mpaka kifundo kizima kiitikie tena kwa pamoja siku kadhaa zinakwisha. Kama siku ya kumi hivi nilisinzia nikikunja nguo, saa nne usiku. Mume wangu alidhani naumwa. Wiki ya tatu nikawa naamka dakika chache kabla ya simu kulia. Tambi nimepunguza. Furaha sitasema imemiminika, Desemba ya Umeå ni Desemba ya Umeå, lakini nilikuwa mtu mezani, si mzigo.

Anayeruka siku aruke kwa hasara yake. Nilipoacha Ijumaa hadi Jumapili kwa ajili ya harusi Stockholm, Jumatatu niliirudia shida kama sikuwahi kununua taa.

Kwa zamu za usiku, hapa naikata nyota. Nilibeba taa kwenda nayo kazini, nikaiwasha saa nne usiku hadi saa saba. Kweli nilikuwa mchangamfu, niliandika ripoti bila kosa. Lakini zamu zangu ni tatu tu, na usiku tatu hazitoshi kuzigeuza seli 20,000, zilitosha kuzivuruga. Zamu zilipokwisha nilichukua siku tano kurudi nilikokuwa. Sasa zamu za usiku naipumzisha taa nyumbani, nalala kidogo kabla ya kwenda kazini, na asubuhi narudi kulala. Desemba sihitaji hata miwani ya jua njiani, maana natoka kazini saa moja na bado ni giza totoro. Machi ndiyo naivaa, na dereva wa basi ananitazama. Wewe unayefanya kazi usiku mwezi mzima bila kubadilishana, hesabu yako ni nyingine na yangu haikuhusu.

Mguu. Mguu wa taa hii umetengenezwa na mtu asiyekunywa chai. Ni plastiki nyembamba yenye bawaba moja, na ukigusa meza tu, taa inalala kifudifudi. Januari ulikatika kabisa. Duka likataka risiti, nikawapa. Likataka picha, nikatuma. Likataka picha nyingine yenye namba ya nyuma, nikatuma. Kisha likanyamaza wiki tano, katikati ya majira ambayo mtu ameinunua taa kwa ajili yake. Siku waliyoleta mguu mpya theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Wiki hizo tano niliiegemeza kwenye kopo la unga wa sembe, na niseme ukweli, kopo lilikuwa imara zaidi.

Kabla hujanunua. Kama una ugonjwa wa macho, au kisukari kimeshagusa macho yako, au unatumia dawa zinazofanya ngozi na macho kuogopa mwanga, muulize daktari kwanza. Aliyewahi kuwa na ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi aulize kwa mkazo zaidi, kwa sababu mwanga mkali unaweza kumpandisha. Hilo kwenye karatasi lipo, ukurasa wa tisa, baada ya namna ya kupangusa vumbi. Angalia luksi kwa umbali gani, na kama muuzaji hajui, mwache na taa yake. Kibao kikubwa ni bora kuliko kidogo, maana kinakuruhusu kukaa mbali. Zinazouzwa ghali kwa kuwa ni za buluu tupu sikuona sababu yake. Mwanga mweupe una buluu ndani. Na kama ratiba yako inakuruhusu kutoka nje mchana, hata chini ya mawingu, toka. Nje panaishinda jikoni yangu vibaya.

Wifi ameshaniambia nimletee moja nikienda Tanga, aiweke sebuleni umeme ukikatika. Nimemweleza mara mbili kwamba inatumia umeme. Amesema nina choyo.

Ninaandika haya Machi 20. Leo jua la Umeå limetoka saa kumi na mbili kasoro za asubuhi, na kwa siku hizi chache naweza kuhesabu saa kama nilivyofunzwa na bibi. Taa nimeifuta, nimeirudisha kwenye boksi na ule mguu wa pili, nimeipandisha juu ya kabati mpaka Oktoba.